Mwani Ulivyovamia Tangi la Babu

Kila Jumapili alasiri, tukiwa tumerudi kanisani na chakula kiko mezani, simu ililia. Alikuwa Babu. Kabla hajauliza habari za watoto aliuliza habari za samaki, na kwa majuma sita mfululizo tulimjibu kwamba wote ni wazima. Haikuwa kweli. Mmoja alikuwa amekwisha kufa, na tulikuwa tumemzika bustanini chini ya waridi.

Babu huyo si wa damu. Ni Mwingereza, mzee wa usharika tunaosali hapa Leicester, na watoto wetu ndio waliozoea kumwita Babu tangu walipokuwa wadogo. Mke wake alifariki mwaka 2020. Mapema mwaka 2022 binti yake alimtaka ahamie kwake, kusini, katika nyumba ya vyumba viwili, na huko hapakuwa na nafasi ya tangi la samaki. Tangi lenyewe lilikuwa la marehemu: lita 200 za maji ya chumvi, mawe, matumbawe hai, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mke na mume, aliowanunua mwaka 2011 wakiwa na urefu wa kidole gumba. Katikati yalisimama matumbawe laini ya umbo la uyoga, mapana kama sahani, ambayo yeye alianza nayo yakiwa kipande cha kukatwa tu. Babu alituuliza kama tungelitunza tangi hilo. Tulikubali pale pale, mbele ya mlango wa kanisa, bila kujua tunakubali nini.

Sisi ni watu wa Tanga. Kwetu bahari iko mwisho wa barabara na samaki ni kitoweo. Bibi wa watoto alipoambiwa kwa simu kwamba tuna samaki sebuleni wanaowashiwa taa na kupashiwa maji moto, alinyamaza kidogo kisha akauliza kama tutawala Pasaka.

Tulilihamisha tangi mwezi wa Machi kwa gari la kukodi, maji kwenye ndoo, samaki kwenye ndoo yenye mfuniko. Wiki ya pili vumbi la kahawia lilifunika mchanga na vioo. Tulishtuka, lakini huo ndio mwani usio na neno kuliko yote. Ni viumbe vidogo vyenye maganda ya silika, na huja karibu kila mara tangi linapokuwa jipya au limevurugwa. Ukipitisha kidole kwenye kioo unatoka kama unga. Ulikaa majuma matatu, ukatoweka wenyewe. Sisi tukadhani tumeshinda.

Mwezi wa Mei yakaja majani ya kijani yaliyo kama nywele, kwanza kwenye jiwe moja, halafu kwenye yote. Nyuma yake zikatokea punje za kijani zinazong'aa, mfano wa shanga. Hizo usizipasue ndani ya maji, maana watu wengi waliofuga siku nyingi wanaamini kwamba zikipasuka humwaga mbegu. Zing'oe nzima nzima, ukiwa na mpira wa kunyonya maji karibu. Na mwanzoni mwa Juni ukafika ule uliotutia hofu, utando mwekundu uliotandaa juu ya mchanga kama mtandio uliolowa, wenye vipovu vya hewa juu yake. Asubuhi ulikuwa haba, jioni umefunika kila kitu. Ukiuvuta unatoka kipande kizima, laini, wenye kuteleza, na kesho yake umerudi. Baadaye tulijifunza kwamba huo si mwani hata kidogo. Ni jamii ya bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Tulipoteza mengi kwa kuyaita yote jina moja, "uchafu".

Dukani tulipewa ushauri wa namna mbili. Muuzaji wa kwanza alitaka tununue kangaja, samaki anayekula majani. Kangaja ni mzuri kweli, na baharini kazi yake ni hiyo, lakini anahitaji tangi kubwa kuliko letu, naye pia anakula na kutoa choo. Tangi lililozidiwa uchafu halisaidiwi kwa kuongezewa mlaji. Hilo tulilikataa. Ushauri wa pili tuliukubali, nao ulikuwa chupa ya dawa.

Tulitia dawa Ijumaa usiku. Maandishi ya chupa yalisema tuongeze hewa ndani ya maji wakati wote wa matibabu. Tulikuwa tumeyasoma nusu, mmoja wetu akiwa njiani kwenda kazini na mwingine akiwa ndiyo kwanza anarudi. Dawa ilifanya kazi upesi. Utando ule ulikufa, na vitu vinapokufa na kuoza kwa wingi ndani ya maji humaliza hewa. Usiku taa zikiwa zimezimwa hakuna mmea unaotoa hewa mpya. Alfajiri tulimkuta yule mume, aliye mdogo, akihema juu kabisa ya maji. Jike lilikuwa limelala ubavu mchangani. Miaka kumi na moja alikuwa ameishi nyumbani kwa mama yule, na kwetu hakumaliza miezi minne.

Jumapili yake simu ikalia kama kawaida. Mmoja wetu (hatutasema nani) aliipokea akasema, "Wazima wote, Babu." Mwingine alikuwa amesimama karibu, akasikia, akanyamaza. Kwa hiyo tulidanganya sote wawili. Tulijitetea kwamba ni mzee, kwamba ana ugonjwa wa moyo, kwamba samaki yule ni kama kumbukumbu ya mkewe na habari hiyo ingemvunja. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa mezani. Alituuliza, "Mbona mmemwambia hivyo?" Tukamjibu kwamba kuna mambo watu wazima huyapanga wenyewe. Jumapili iliyofuata simu ilipolia aliondoka akaenda chumbani, na ile nyingine pia. Akina mama wenzetu, mnaujua mlango wa chumba cha mtoto unavyoweza kufungwa polepole ukasikika nyumba nzima.

Katika majuma hayo tulijaribu kulisafisha tangi kwa nguvu, kana kwamba likiwa safi uongo nao ungepungua. Tuling'oa majani kwa mikono na kusugua mawe kwa mswaki. Mahali majani yalipogusana na matumbawe tuling'oa vyote pamoja, tukajeruhi matumbawe, na mmoja wetu akakumbuka mfano wa magugu, na kwa nini watumishi wale walizuiwa. Tulitaka kuzima taa kwa mwezi mzima ili majani yafe. Kitabu cha maktaba kilituokoa hapo. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi ya tangi la namna hii wanaishi mwani wadogo sana wasioonekana kwa macho, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga na kuyalisha matumbawe sehemu kubwa ya chakula yanachohitaji. Ile rangi ya kahawia ya matumbawe ni yao. Hivyo mwani unaouchukia na mwani unaoutegemea wanaomba taa ile ile. Siku tatu za giza matumbawe mengi huvumilia. Mwezi mzima ungeyaua pamoja na adui.

Kitabu hicho ndicho kilichotufanya tununue vifaa vya kupima maji. Tuliyokuta ni haya: naitreti ilikuwa imefika miligramu 50 kwa lita, na fosfeti 0.4. Wafugaji wengi wa matumbawe hupenda naitreti iwe kati ya 2 na 10, na fosfeti isizidi 0.1 au karibu na hapo. Hizo mbili ndizo mbolea. Mkulima anazinunua kwa fedha aziweke shambani. Sisi tulikuwa nazo tele bila kujua zinatoka wapi.

Chanzo kimoja tulikigundua jikoni, na hatukukipenda. Mmoja wetu anafanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, mwingine ni wa mchana katika ghala. Siku nyingi tunapishana mlangoni, mmoja anavaa viatu mwingine anavua. Mwana wetu mkubwa alikuwa akiwapa samaki chakula kabla ya kwenda shule, kwa kudhani hakuna aliyewapa. Wa zamu ya usiku aliwapa akirudi. Binti aliwapa akitoka shule. Wa mchana aliwapa jioni, kwa kuwa walikuwa wakija kwenye kioo kama wenye njaa, nao samaki wa aina ile huja kwenye kioo hata wakiwa wameshiba. Samaki wawili wadogo walikuwa wakila mara nne kwa siku, na baada ya kubaki mmoja aliendelea kula mara nne. Kilichobaki kilizama, kikaoza, kikawa mbolea. Tulikuwa tukiishi nyumba moja bila kujuana nani amefanya nini, na hakuna aliyekuwa ametuambia hivyo mpaka utando ule mwekundu ulipotuambia.

Tulibandika karatasi mlangoni mwa friji. Anayelisha anaandika jina na saa. Mwingine akikuta jina, basi. Karatasi hiyo ilianza kuandikwa mambo mengine pia: nani ana miadi ya daktari, nani hakulala vizuri, "kuna wali kwenye sufuria ndogo."

Lakini vipimo havikushuka. Tulipunguza chakula, tukabadilisha maji lita 20 kila wiki kama kitabu kilivyosema, na fosfeti ikabaki pale pale. Tulikuwa tunamwaga mbolea kwa ndoo moja na kuirudisha kwa ndoo nyingine, ila hatukuliona hilo.

Jumapili ya sita tulimwambia Babu ukweli. Hatukujipangia. Alisema kwamba angependa kuja Krismasi kuwaona wale wawili, akawataja kwa majina ambayo mkewe aliwapa, na aliyeshika simu akashindwa kuendelea. Tuliweka simu kwa sauti kubwa tukamweleza yote: dawa, hewa, waridi, na majuma sita. Alikaa kimya muda mrefu mpaka tukadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Mnatumia maji gani?"

Tukasema ya bomba, tunatia chumvi gramu 35 kwa kila lita na dawa ya kuondoa klorini.

"Aa," akasema. "Yeye alikuwa akitengeneza maji yake mwenyewe, kwenye banda la bustani. Sikuwaambia. Mimi nilikuwa nabeba ndoo tu."

Nyumba yake ilikuwa bado haijauzwa. Jirani alitufungulia, na bandani, nyuma ya baiskeli, tulikuta mtambo mdogo wa mirija mitatu wa kuchuja maji, wa namna inayoyasukuma kupitia utando mwembamba sana hadi karibu kila kilichoyeyuka kiachwe nyuma. Ukutani palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa mama yule, tarehe za kubadilisha vichujio miaka tisa mfululizo. Baadaye tulipima maji ya bomba letu yakiwa matupu, kabla ya chumvi, tukakuta fosfeti na naitreti zimo tayari. Si kosa la mtu. Hapa Uingereza kampuni nyingi za maji huongeza fosfeti makusudi, kwa sababu hujenga ukoko ndani ya mabomba ya zamani na kuzuia madini ya risasi yasiyeyuke katika maji ya kunywa. Na sheria inaruhusu naitreti hadi miligramu 50 kwa lita. Kwa mtoto wako fosfeti ile ni kinga. Kwa matumbawe ni mbolea inayoingia kila unapojaza ndoo. Na maji yanayopungua kwa kukauka yakijazwa ya bomba kila siku, kama tulivyofanya, chumvi haipandi lakini mbolea inarundikana.

Kwa hiyo kwa majuma sita tulikuwa tukimficha mtu pekee aliyejua mahali dawa ilipo.

Mengine hayakuwa ya haraka. Tulipunguza saa za taa kutoka kumi na mbili hadi nane, jambo lililosaidia pia bili ya umeme, na mwaka ule kila aliyeishi Uingereza anakumbuka umeme ulivyopanda. Tuliosha sponji za chujio kila Jumamosi badala ya kungoja zizibe. Mtambo wa kukusanya povu, ambao tulikuwa tumeuzima kwa sababu ya kelele, tuliuwasha tena. Kikombe chake kilijaa maji meusi yenye harufu ya kutosha kumwamsha aliyetoka zamu ya usiku. Tulinunua konokono wanane wa baharini wanaokula majani. Tulichagua aina inayoweza kujigeuza ikianguka chali, kwa maana wengine wakubwa wakianguka hushindwa kusimama wakafa, na konokono aliyekufa ni mbolea tena.

Kuhusu walaji hawa wa majani tulisoma jambo lililotunyamazisha. Katika bahari ya Karibi, mwaka 1983 na 1984, ugonjwa uliwaua karibu wote wale viumbe weusi wenye miiba mirefu ambao kwetu Tanga kila mtoto amewahi kuchomwa nao mguuni. Hao walikuwa wafyekaji. Huko Jamaika samaki wanaokula majani walikuwa wamekwisha kuvuliwa mno kabla ya hapo, basi mwani ukashika miamba, na matumbawe yaliyokuwa yamefunika kama nusu ya mwamba yakabaki chini ya sehemu moja ya ishirini miaka kumi baadaye. Tulikuwa tukidhani tatizo letu ni la watu wenye fedha za kuchezea na tangi la kioo.

Na jambo moja lililowafurahisha sana watoto: mwani mwingine tulioupanda wenyewe. Ni wa kijani, wenye nyuzi ngumu zilizosokotana kama steelwulu ya kusugulia sufuria, na haushiki juu ya mawe. Tuliuweka katika chumba cha pembeni chenye taa yake ndogo. Unakula naitreti na fosfeti zile zile ambazo majani mabaya yanazitaka. Kila baada ya wiki mbili au tatu unauvuna konzi mbili, unautupa, na mbolea inatoka nao. Tuliwaeleza watoto kuhusu akina mama wa Unguja na Pemba, na wa kwetu Tanga pia, wanaofunga mwani kwenye kamba maji yakitoka na kuuza kwa kilo, na kwamba hata wao hutikisa kamba zao ili kuangusha majani mabaya yanayong'ang'ania mazao. Binti alitaka kujua kama na yeye atalipwa. Tukamlipa peni ishirini kwa konzi.

Utando mwekundu ulipungua mwezi wa Septemba bila dawa. Nywele za kijani zilichukua muda zaidi, mpaka Novemba, zikififia na kulegea mpaka konokono wakazimudu. Tulijizuia tusivishushe vipimo hadi sifuri, kwa kuwa maji yasiyo na kitu kabisa nayo yana adui wake, uteute wa kahawia wenye nyuzi na vipovu ambao huua hata konokono wanaoula, na matumbawe pia hufifia kwa njaa. Uyoga wa mama yule ulikuwa umejikunja tangu Juni, umefunga vidole vyake vyote. Asubuhi moja ya Oktoba aliyerudi kutoka zamu aliukuta umefunguka, akaenda kuwaamsha wote, saa kumi na mbili na nusu, siku ya shule.

Babu alifika tarehe 23 Desemba. Tulikuwa tumesugua kioo cha mbele mara mbili. Ukuta wa nyuma ulikuwa bado na majani mafupi, na tukaanza kuomba radhi kabla hajavua koti. Alisema mkewe hakusafisha ukuta wa nyuma hata siku moja, ni malisho ya konokono. Akavuta kiti karibu. Yule samaki aliyebaki alikuwa amenenepa kidogo tangu kiangazi. Katika jamii yao, jike akifa, dume lake hugeuka polepole kuwa jike, ndivyo Mungu alivyowaumba. Tulimweleza hilo tukiwa na aibu kidogo mbele ya mzee wa kanisa. Alikuwa akijua. Alicheka hadi akatoa leso.

Kisha aliomba chakula cha samaki. Akatia chembe kidogo, samaki akaja, akatia tena, na mkono ukarudi koponi mara ya tatu. Binti yetu, ambaye tangu Juni alikuwa hajakaa karibu na simu, alisogea akasimama kando ya kiti chake, akamshika kifundo cha mkono.

"Babu," akasema, "inatosha. Tena lazima uandike kwenye friji."